Wamzuia nani?

Bado nacheka peke yangu kwenye cherehani, halafu cheko linakatika katikati nakasirika. Wateja washaanza kunitazama. Aliyenitia katika hali hii ni Mama Mkubwa, na wala hana habari.

Alikuja dukani Jumatatu saa nne, na hotipoti yake ya maua mnayoijua. Mahamri na mbaazi. Hajamaliza hata kuvuka barabara, harufu ya iliki ishafika. Mimi nikawahi kusema nimeshiba.

"Umeshiba nini?"

"Nishakunywa chai, Mama."

"Chai na nini?"

"Chai tu. Najizuia kidogo siku hizi."

Akanyamaza. Akachungulia nyuma ya mlango, akainama akatazama chini ya meza ya kukatia, akafunua hata pazia la kupimia nguo. Kisha akanigeukia, uso mkavu kabisa:

"Wamzuia nani? Mbona nakuona u peke yako?"

Basi. Hakuongeza neno. Aliketi, akala hamri lake polepole, akanipa habari za mtaa mzima, akaondoka. Hotipoti akaniachia.

Wiki hii Baba Mkwe katoka hospitali, alhamdulillahi, arusi ya kina Kaka ikapita salama na mwenye duka kapandisha kodi, lakini mimi nimeshikilia hilo swali tu. Jumatatu usiku nilimjibu kichwani kwa ukali. Nilimwambia namzuia yule mgonjwa aliyemo ndani yangu asije akatoka. Mnajua sukari ilivyomtenda Mama, na ule mguu wake ulivyotukesha. Mama Mkubwa alikuwapo, alishika beseni la maji kama mimi. Sasa anapataje ujasiri wa kunifanyia mzaha? Jumanne nikaona labda alikuwa anasema kwamba mwili wangu ushafika ulikofika, hakuna cha kuzuia tena. Hiyo iliniuma zaidi. Mpaka Jumatano ndipo nilipokubali kwamba huenda aliuliza tu. Mtu anaweza kuuliza.

Maana kilichonifanya nianze ni kule kliniki. Nilipandishwa mizani, nikapimwa urefu, muuguzi akabonyeza kikokotoo, akaniambia nimevuka 30 na hiyo ni hatari. Hakuniuliza nala nini, nalala vipi, wala kwetu nani anaumwa. Namba, na mwingine aingie. Tangu hapo nikawa mtu wa tango na yai la kuchemsha. Wali wa nazi nikauhama. Na usiku, hili sijawahi kumwambia mtu, nalala na simu nikiangalia watu wanapika. Biriani ya Kihindi, mikate ya Waturuki, mwanamke mmoja anayekaanga samaki kando ya mto sijui wapi. Natazama hadi macho yanawaka.

Mpwa wangu anayesomea lishe chuoni ndiye niliyemdokezea, kwa kuzungukazunguka. Akanielezea kisa cha vijana 36 wa Marekani waliojitolea kushindishwa njaa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1944 hadi 1945. Vita vilikuwa vinaelekea kwisha, na wataalamu walitaka kujua namna ya kuwarudisha katika kula watu waliodhoofika kwa njaa. Walikuwa vijana wazima, wenye akili zao. Kwa miezi sita walipewa chakula nusu ya kile walichozoea. Walikonda, ndiyo, lakini kilichonishika mimi ni mengine: walianza kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya, wakaota chakula, wakaramba sahani, na wengine walipofunguliwa walikula na kula bila kuhisi wameshiba. Nikamwambia mpwa wangu, hao wangekuwa na simu wangemjua yule mwanamke wa samaki.

Kisha akanipa la pili. Mtafiti aliyewasimamia vijana hao, Ancel Keys, ndiye huyo huyo aliyekuja kuipa ile hesabu ya kliniki jina lake la leo, BMI, mwaka 1972. Hesabu yenyewe ni ya zamani zaidi, ya miaka ya 1830, na aliyeibuni hakuwa daktari. Alikuwa Mbelgiji, Adolphe Quetelet, mtu wa nyota na takwimu, akimtafuta binadamu wa wastani. Kilo zako ugawe kwa urefu wako uliozidishwa kwa wenyewe, basi. Haina habari mafuta yamekaa wapi, wala kama hiyo kilo ni msuli au ni tumbo.

Hapo ufundi wangu ukaingia, nikacheka kwa sauti. Miaka yote hii naipima miili ya watu kwa futikamba, najua mwili wa asubuhi na mwili wa baada ya pilau si mmoja. Wateja wote wa arusi huniambia, nishonee ndogo kidogo, nitapungua. Naitikia, halafu kimyakimya naacha kitambaa cha kutosha ndani ya mshono, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunirudia kulalamika. Mimi mwenyewe sijiachii hata inchi.

Mpwa wangu hakuniacha nifurahi sana. Alisema sukari ya ukoo ni jambo la kweli, na kwamba kiuno kinasema mengi ambayo mizani haisemi: kwa wanawake, tahadhari inaanza sentimita 80, na hatari inapanda zaidi ukipita 88. Hiyo ya pili ni kama inchi 35 kwa lugha ya dukani. Nikajipima. Siwaambii. Nitarudi kliniki kupimwa sukari ya damu, maana hiyo angalau inajibu kinachoniogopesha, na jioni naendelea kwenda Mama Ngina, pale kando ya bahari, na kina dada, kutembea na kupigwa na upepo. Ile mihogo yenye pilipili na ndimu nitaila pia nikiitamani. Tulikuwa tunapita mbali nayo kama tunadaiwa.

Hotipoti? Mahamri ya Jumatatu niliyala siku hiyo hiyo, nimesimama, mlango nimeurudisha, na sikusikia hata ladha. Jana Mama Mkubwa kaleta mengine, na safari hii hakusema kitu. Nilivuta kiti, nikamimina mbaazi kwenye sahani ya kweli, nikala mawili na chai. Yaliyobaki yalikaa humo hadi alasiri na mimi nakata kitambaa cha mteja, wala hayakuniita. Usiku nilifungua ile video ya samaki nikalala kabla hajageuzwa.

Nilitaka kumwachia mwanafunzi wangu hayo yaliyobaki, hupenda sana mbaazi. Lakini hakuja jana, na leo pia hakuja. Simu yake imezimwa, kwao wanasema alitoka asubuhi kuja kazini. Ufunguo wa pili wa duka anao yeye.