Siku moja na mbwa kumi na mmoja

Saa 10:45 alfajiri. Naamka kabla ya adhana kwa ajili ya mzee wa nyumba ya tatu, ambaye hupita mbele ya geti letu akielekea msikitini. Akishatia udhu hataki pua ya mbwa imguse, na ni haki yake. Siku yangu ya kwanza hapa Mbezi Beach, Simba alipitisha kichwa chini ya geti akamlowesha kanzu. Mzee hakusema neno, aligeuka akarudi kwake kubadilisha. Niliumia sana. Tangu siku hiyo Simba anaingia bandani na komeo linafungwa kabla muadhini hajaanza. Adhana ikisikika naye huinua shingo na kulia kwa sauti ndefu, Malkia akimjibu kutoka stoo.

Mama mwenye nyumba amesafiri kwenda Bukoba kumuuguza mama yake. Ameniachia Simba, Malkia na watoto wake saba wenye wiki tano, na Chui, mzee wa miaka kumi na mmoja asiyesikia tena. Wa kumi na mmoja ni Popi, kijibwa chenye manyoya cha mteja wangu mwingine, ambacho mama aliniruhusu kuja nacho.

Saa 12:10 asubuhi. Mzani. Kila mtoto ana uzi wa kufumia shingoni wa rangi yake, na rangi ndiyo jina. Nawapima mmoja mmoja kwenye mzani wa jikoni kabla hawajala, naandika kwenye daftari. Njano ameongeza gramu 90 tangu jana. Bluu 75. Mwekundu, mlafi wao, 110. Kijani juzi alikuwa na 2,105, jana 2,110. Leo 2,070.

Nampima tena. 2,070.

Mtoto wa umri huu anatakiwa kupanda kila siku. Akisimama siku moja unamtazama. Akishuka, unaacha mengine yote. Lakini wenzake kumi nao wana njaa, kwa hiyo nafanya vyote viwili.

Saa 1:00. Chakula. Wakubwa wanakula ugali wa dona uliochanganywa na mapupu na karoti, bila chumvi, na kitunguu hakikaribii sufuria hiyo kwa sababu kinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia hapana. Inapasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Malkia ananyonyesha, kwa hiyo namwongezea mayai na dagaa, na anakula mara tatu kwa siku. Watoto wanapata uji mzito wa dagaa waliosagwa kwenye sinia moja. Hapo nachuchumaa na kumwangalia Kijani tu. Anafika kwenye sinia, Mwekundu anampiga kikumbo, anarudi nyuma. Anajaribu upande wa pili, anasukumwa tena. Mara ya tatu hajaribu. Anakwenda kulala peke yake pembeni, mbali na rundo la wenzake, na hilo la kulala mbali ndilo linalonitisha zaidi.

Saa 2:30. Usafi. Walipokuwa wadogo kabisa Malkia aliwalamba na kumaliza kila kitu mwenyewe. Tangu waanze uji ameacha, na kazi ni yangu: magazeti yote nje, sakafu inasuguliwa, vipande vya kanga kuukuu vinalowekwa. Mlangoni pa stoo kuna beseni la jiki, kipimo kimoja kwa vipimo thelathini vya maji, na hakuna anayeingia bila kukanyaga humo, hata mlinzi. Parvo, virusi vya kuhara damu vinavyoua watoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo miezi mingi na huja na soli ya kiatu. Hawa hawajachanjwa bado. Sindano ya kwanza ni wiki ijayo, watakapotimiza wiki sita.

Kwenye gazeti la pembeni naona kinyesi laini. Hakina damu. Nanusa, nachunguza tena karibu na dirisha. Hakina damu.

Saa 4:00. Namkalisha Kijani mapajani, namfunua mdomo. Fizi zimepauka. Nazibonyeza kwa kidole na kuhesabu mpaka rangi irudi. Kwa mbwa mzima haizidi sekunde mbili, yeye anachelewa kidogo. Tumbo limejaa kama ngoma ilhali mgongo unahesabika. Nafungua kurasa za nyuma za daftari, alizoandika mama. Dawa ya minyoo: wiki ya pili, tiki. Wiki ya nne, pamebaki wazi. Ndiyo wiki aliyopigiwa simu kutoka Bukoba. Nami nimekuwa na daftari hili mkononi siku sita, nikisoma gramu tu.

Nampigia daktari wa mifugo. Anasema atafika alasiri, nimpe Kijani maji kidogo kidogo na nisimpe dawa yoyote ya binadamu.

Saa 6:30 mchana. Joto la Februari. Simba amelala juu ya gunia lililoloweshwa, ulimi nje. Watoto wa jirani wanabisha geti wakitaka kuwaona wadogo. Leo nawakatalia, lakini siwaachi waondoke hivi hivi. Nawauliza kile nilichowafundisha juzi: mbwa akikuuma? Wanaitikia pamoja: maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano! Halafu? Hospitali siku hiyo hiyo! Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza, na nataka walijue hilo kama wanavyojua majina yao.

Saa 9:20 alasiri. Daktari anashuka kwenye bodaboda, anakanyaga beseni bila kuambiwa. Joto la Kijani ni 38.6, la kawaida kwa mbwa. Anabonyeza tumbo, anatazama fizi, anasema, "Dada, hii si parvo. Ni minyoo, na njaa juu yake." Wanazaliwa nayo, anaeleza, na mingine huipata kwenye maziwa ya mama. Anapima dawa ya kila mmoja kwa uzito, na hapo daftari langu linamsaidia. Malkia naye anapewa. Kijani ale peke yake, kidogo, kila baada ya saa tatu.

Saa 11:30 jioni. Namtoa Simba matembezini. Kabla ya kutoka naweka kiganja kwenye lami na kuhesabu hadi saba. Nikishindwa kuvumilia, nyayo zake pia zitaungua. Imepoa. Tunakutana na mzee akirudi kutoka dukani. Namvuta Simba upande wangu, namsubirisha chini. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu. Wadogo hawajambo?" Namwambia mmoja anaumwa. Anasema, "Mungu atamjalia. Naye ni kiumbe." Anapita, Simba hajanyanyuka.

Saa 2:00 usiku. Minyoo imetoka, mirefu, myeupe kama tambi, kwenye gazeti la Kijani na la Bluu pia. Naifunga kwenye mfuko, nasugua upya sakafu yote.

Saa 3:15. Mama anapiga simu ya video. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hawajambo?" Namweleza yote, pamoja na ule mstari uliobaki wazi. Ananyamaza, kisha anafuta macho kwa upande wa khanga. Namgeuzia simu amwone Kijani akilamba uji kwenye kisahani chake, peke yake, miguu ya mbele yote miwili ndani ya chakula.

Saa 5:40 usiku. Chui amelala kwenye korido, namruka. Popi ananifuata mpaka stoo. Malkia ameingia kunyonyesha, na rundo limefungamana kiasi kwamba nauona uzi wa kijani kwa shida, katikati, chini ya shingo ya Njano. Namchomoa taratibu. 2,090. Bado hajaifikia jana. Naandika, namrudisha palepale katikati, natega saa nane na dakika arobaini.