Amesaini nini? Kusoma tetesi za usajili wa vyuo vya Marekani

Kila siku kuna jina jipya kwenye tetesi za vyuo vya Marekani. Kijana wa sekondari amechagua chuo cha Georgia, kotabeki anafunga virago, mchezaji wa kikapu anajaribu bahati yake NBA. Mashabiki wanabishana mpaka usiku wa manane juu ya mambo ambayo mengi bado hayajafika kwenye karatasi. Ukitaka kutulia, uliza jambo moja: huyu amesaini nini, na ana mpaka lini kubadili mawazo?

Tuanze na vijana wa sekondari. Ofa ya kocha ni maneno, na kijana akiitikia nayo ni maneno. Vyuo vikubwa hutoa ofa nyingi kuliko nafasi zilizopo kwa sababu vinajua wengi watakwenda kwingine, na baadhi ya ofa hizo kocha hataki hata zikubaliwe leo. Kinachomfunga mtu ni saini. Kwenye futiboli ya Marekani dirisha la mapema la kusaini lilianza Desemba 2017, na tangu hapo wengi humwaga wino Desemba badala ya kungoja Februari. Barua ya dhamira tuliyoizoea kwa miaka mingi, ambayo kijana alijifunga nayo kwa chuo, ilifutwa Oktoba 2024. Sasa kijana anasaini mkataba wa ufadhili wa masomo, na akishausaini, makocha wa vyuo vingine hawaruhusiwi tena kumfuata.

Kabla ya saini, tazama ziara. Ziara rasmi inalipwa na chuo, isiyo rasmi familia inajilipia. Ukisikia kijana aliyekwisha kutoa ahadi kapanda ndege kwenda ziara rasmi kwingine wiki chache kabla ya dirisha, hiyo ahadi inayumba, hata kama kila siku anaandika mtandaoni kwamba hana wasiwasi. Na familia iliyotumia fedha zake kwenda chuo kilekile mara tatu inakueleza mengi kuliko mtabiri yeyote.

Kuhusu nyota, yaani alama wanazopewa vijana wa sekondari kwa kipaji, watu wanakosea pande zote mbili. Tovuti ya 247Sports hutoa nyota tano kwa wachezaji kama 32 hivi kila mwaka, idadi inayolingana na nafasi za raundi ya kwanza ya drafti ya NFL, yaani siku timu za ligi kuu ya futiboli ya Marekani zinapochagua wachezaji kwa zamu. Kwa hiyo nyota tano ni utabiri kwamba huyu ana mwili na kipaji cha raundi ya kwanza. Halafu anakuja mtu kukutajia Josh Allen, aliyemaliza sekondari bila ofa kubwa hata moja, akapitia chuo cha miaka miwili, akaenda Wyoming, na mwaka 2018 akachaguliwa wa 7. Au Cam Ward, aliyeanzia Incarnate Word bila nyota yoyote, akapita Washington State, akamalizia Miami, na mwaka 2025 akawa chaguo la kwanza. Mifano ni ya kweli, ila hesabu yake imekaa vibaya. Chukua mfano wa namba za kubuni tu: wenye nyota tano wako 30 na wanachaguliwa 15, wenye nyota tatu wako 1,500 na wanachaguliwa 90. Siku ya drafti utaona wa nyota tatu wamejaa ukumbini, lakini ukiwa kocha mwenye nafasi moja ya kusajili, unajua umchukue yupi. Kocha mzuri anawinda wale 90 na bado anapigania wale 15.

Potali ya uhamisho ndiyo inayochanganya watu zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Ilifunguliwa Oktoba 15, 2018. Si soko ambalo chuo kinamuuza mtu, ni orodha tu ya wanaotaka kuhama. Mchezaji anaiarifu kwa maandishi ofisi ya kanuni ya chuo chake, na chuo kina siku mbili za kazi kuliingiza jina lake. Jina likishaingia, makocha wengine wanaruhusiwa kumpigia. Kabla ya hapo kumpigia ni kosa, ingawa kila mtu anajua wapambe na mawakala huongea mapema. Ukiona jina limeingia saa nne asubuhi na mchana ametangaza chuo kipya, elewa mazungumzo hayakuanza asubuhi ile.

Mwaka 2021 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, iliruhusu wachezaji wa michezo mikubwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima. Aprili 2024 kikomo cha mara ngapi kikaondolewa, mradi mtu amefaulu masomo. Kwenye futiboli, dirisha la msimu wa 2025 lilikuwa moja tu, Januari 2 hadi 16, 2026. Lile la majira ya kuchipua limefutwa.

Hapa ndipo mashabiki wengi huteleza: siku ya mwisho ya dirisha ni ya kuingiza jina, siyo ya kuchagua chuo. Mchezaji aliyeingia siku ya mwisho bado anaweza kutangaza wiki mbili baadaye. Kinachombana ni kalenda ya masomo, kwa sababu asipojiandikisha kabla chuo kipya hakijafunga usajili wa muhula, anakosa mazoezi yote ya majira ya kuchipua. Anafika Juni wakati wenzake wameshaujua mfumo wa kocha, na Septemba anasugua benchi.

Mambo matatu huharibu uhamisho. La kwanza ni masomo. Kwa kanuni za NCAA mtu anatakiwa awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada anapoingia mwaka wa tatu, 60 mwaka wa nne na 80 mwaka wa tano. Chuo kipya kikikataa baadhi ya masomo yake, asilimia inashuka, na kijana aliyekuwa salama anajikuta darasani majira yote ya joto akifidia. Ndiyo maana mwenye shahada tayari huhama kwa urahisi kuliko wa mwaka wa tatu. La pili, ukiingiza jina, chuo chako kinaweza kusitisha ufadhili muhula ukiisha, wala hakilazimiki kukurudisha. La tatu ni nafasi. Tangu 2025, vyuo vilivyokubali mfumo mpya wa malipo, nitakaoueleza sasa hivi, vina ukomo wa wachezaji 105 kwenye futiboli na 15 kwenye kikapu. Wanaoingia potalini ni wengi, viti ni vichache, na kila mwaka wapo wanaobaki bila timu. Hao hawaandikwi popote, na mimi huwaza juu yao zaidi kuliko kotabeki mwenye dau kubwa.

Dau lenyewe lina vyanzo viwili, na usiyachanganye. Tangu Julai 1, 2021 mchezaji anaweza kulipwa na makampuni na watu wa nje kwa jina na sura yake. Tangu Julai 1, 2025, baada ya suluhu ya kesi ya House, ya wachezaji dhidi ya NCAA, kupitishwa na Jaji Claudia Wilken, chuo chenyewe kinaweza kuwagawia wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 hivi kwa mwaka wa kwanza, michezo yote pamoja. Mikataba ya nje kuanzia dola 600 lazima iripotiwe na kukaguliwa. Kwa hiyo tetesi ikisema fulani kapewa kiasi fulani, uliza ni fedha za chuo au za nje. Za chuo ziko kwenye mkataba. Za nje zinaweza kukwama kwenye ukaguzi.

Kwa wachezaji kutoka Afrika kuna kikwazo cha ziada. Wengi wako Marekani kwa viza ya mwanafunzi, ambayo inabana sana kazi ya kulipwa. Khaman Maluach wa Sudan Kusini, aliyekulia Uganda, alicheza mwaka mmoja Duke na kuchaguliwa wa 10 mwaka 2025. Kwa kijana wa aina yake, kwenda NBA mapema kuna faida ambayo mwenzake Mmarekani haioni. Hasheem Thabeet wetu, aliyechaguliwa wa 2 mwaka 2009 kutoka Connecticut, alicheza chuoni wakati malipo hayo hayakuwepo kwa yeyote.

Kwenye NBA, jina kuwemo kwenye orodha ya drafti halina uzito mpaka tarehe ya kujitoa ipite. Mwaka 2025 aliyetaka kurudi chuoni alipaswa kujitoa kabla Mei 28 haijaisha. Tarehe ya NBA yenyewe ilikuwa Juni 15, lakini kwa anayetaka kucheza tena chuoni hiyo ilikuwa imechelewa. Yaxel Lendeborg alikuwa kwenye drafti huku ameshakiahidi chuo cha Michigan akitokea chuo cha UAB, na alijitoa dakika za mwisho. Uamuzi wa namna hiyo una mantiki: wa raundi ya kwanza anapata miaka miwili ya mshahara wa uhakika, wa raundi ya pili hana uhakika huo kisheria, na chuo kikubwa sasa kinaweza kumlipa vizuri zaidi ya nafasi ya 45, iliyo raundi ya pili.

NFL ni tofauti. Lazima miaka mitatu ipite tangu sekondari, na kabla ya kuamua mtu anaweza kuomba tathmini ya kamati ya ligi. Majibu ni matatu tu: raundi ya kwanza, raundi ya pili, au baki chuoni. Baadaye vinakuja vipimo vya Indianapolis, ambako NFL huwapima wachezaji kabla ya drafti. Tazama mkono: kipimo kinaanzia ncha ya mfupa wa bega hadi ncha ya kidole cha kati. Mwaka 2025 Will Campbell, mlinzi wa kotabeki wa chuo cha LSU, alipimwa Indianapolis akapata inchi 32 na 5/8, akapimwa tena chuoni kwake akapata 33. Tofauti ya upana wa penseli ikazua mjadala wa wiki nzima kama anaweza kumlinda kotabeki upande wa kushoto. Timu ya Patriots ilimchukua wa 4.

Watabiri nao wana mipaka yao. Kotabeki Shedeur Sanders aliwekwa raundi ya kwanza ya drafti ya 2025 na wengi, akasubiri hadi nafasi ya 144. Sikiliza zaidi ni timu gani zimemwalika mchezaji makao makuu yao, maana kila timu ina mialiko 30 tu ya namna hiyo.

Na raundi ya saba, ya mwisho kwenye drafti ya NFL, ikikaribia kuisha, usizime simu. Asiyechaguliwa anajichagulia timu, na wakala mwenye akili anakuwa na orodha ya timu zenye upungufu kwenye namba ya mteja wake. Kwa mchezaji huyo, kukosa nafasi ya 250 kwenye timu yenye watu wanne wa namba yake kunaweza kuwa nafuu.