Nilivyojifunza kuchagua gambiti za kucheza na nyeusi

Drafti ndiyo iliyonifundisha kutoa sadaka. Nilikulia Umoja, na pale stejini tulicheza kwa vifuniko vya soda juu ya kipande cha plaiwudi. Sheria yetu haikuwa na mjadala: ukiwekewa, lazima ule. Aliyejua kutoa kete moja ili baadaye ale tatu ndiye tuliyemheshimu. Nilipoingia kwenye sataranji nikiwa mtu mzima, nilikuja na akili hiyo hiyo, na gambiti zikanivutia kuliko kitu kingine chochote. Unatoa askari mapema, njia zinafunguka, unashambulia.

Ilinichukua karibu mwaka kuona kwamba kwenye sataranji hakuna anayelazimishwa kula. Hata akila cha kwanza, cha pili anaweza kukiacha hapo akaendelea na shughuli zake. Na mwenye nyeusi, kwa kuwa nyeupe ndiyo huanza, tayari yuko nyuma kwa hatua moja. Akitoa na askari, ana madeni mawili.

Gambiti niliyoipenda wakati huo ni ya Englund. Mweupe akifungua kwa d4 (herufi ni mstari wa wima wa ubao, namba ni wa mlalo, na hatua isiyotaja kipande ni ya askari), wewe unajibu e5 papo hapo. Anakula. Unaleta farasi c6, naye anamlinda askari wake kwa farasi f3. Malkia wako anaenda e7, askofu wake anakuja f4, kisha malkia anaruka b4 na kutoa cheki. Askofu anarudi d2 kuziba, malkia anakula b2. Hapo ndipo mtego ulipo: Mweupe akimfukuza malkia kwa askofu c3, unaweka askofu wako b4, na mwisho wake ni kupoteza ngome au kupigwa chekimeti pale c1. Nilishinda hivyo mara nyingi kwenye simu, ndani ya matatu, michezo ya dakika tatu tatu. Nikaamini nimepata silaha.

Kisha nikaenda kwenye mashindano ya Jumamosi, dakika sitini kila mtu, katika ukumbi wa shule moja mtaani. Raundi ya pili nilipangwa na mama mmoja muuguzi, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku. Alikuwa na chai kwenye chupa na sweta mabegani. Akafungua d4. Tukaenda hatua kwa hatua hadi malkia wangu alipokula b2. Akaangalia ubao kama dakika nne hivi, kisha akaweka farasi c3. Hakugusa askofu kabisa.

Nikaleta askofu b4. Ngome yake ikaja b1, malkia wangu akakimbilia a3. Farasi wake akaruka d5, akimtazama askofu wangu na pia c7, mahali ambapo angempiga mfalme na ngome kwa pamoja. Nikabadilisha maaskofu pale d2, nikala a2. Ngome yake ikahamia d1, nami nikalazimika kumsogeza mfalme d8 ili ailinde c7. Hebu panga ubao uone picha hiyo: farasi wake d5, malkia d2, ngome d1, wote wamepanga foleni kwenye mstari mmoja wakimkabili mfalme wangu. Malkia wangu yuko peke yake a2. Ngome zangu mbili, askofu mmoja na farasi mmoja hawajanyanyua mguu. Na kwa hesabu ya askari mimi ndiye niliyekuwa mbele! Nimekula wawili, nimepoteza mmoja. Sikumaliza hatua ishirini na tano.

Tulipopeana mikono nikamwambia, “Mama, umeujua mtego.”

“Sikuujua, kijana wangu,” akasema. “Nilijiuliza tu, kama nisipokosea hapa, wewe umebaki na nini?”

Swali hilo nililibeba hadi nyumbani. Nikanunua daftari, na kwa miezi miwili nikafanya kazi moja: kila gambiti niliyoipenda, nilikaa upande wa Mweupe na kucheza jibu bora dhidi yangu mwenyewe. Nilifuta mtego kana kwamba haupo, halafu nikaandika kilichobaki. Kompyuta niliifungua baada ya kuandika maoni yangu. Ukiifungua kabla, unameza namba tu, huelewi chochote.

Englund ilibaki mikono mitupu. Ya Stafford, ile ya kuacha askari wa e5 aliwe halafu unaleta farasi c6, nayo vilevile: ina mitego mitamu ajabu kwenye michezo ya haraka, lakini Mweupe akicheza d3, kisha askofu e2, akatulia, sioni askari wangu alienda kununua nini. Ya Latvia nilidumu nayo wiki mbili, nikaiacha kwa sababu kusukuma f5 hatua ya pili kunamvua mfalme wako nguo.

Ya Budapest, ambapo Mweusi hutoa askari wa e5 dhidi ya d4, ilinishangaza. Ina mtego wake maarufu, farasi anaruka d3 na mfalme anakufa akiwa amezungukwa na watu wake mwenyewe. Lakini ukiufuta mtego huo, Mweusi kwa kawaida bado anamrudisha askari wake pale e5 na vipande vyake vimekaa vizuri. Mtego ni nyongeza, si mshahara. Hiyo nimeihifadhi.

Shambulio la Marshall, gambiti ambapo Mweusi hutoa askari wa e5 ili amshambulie mfalme, ndilo lililonifungua macho kabisa. Mmarekani Frank Marshall alilitumia dhidi ya Capablanca wa Kuba huko New York mwaka 1918, na Capablanca akalizima akashinda. Ungedhani lingekufa siku hiyo. Lakini zaidi ya miaka mia baadaye wachezaji wakubwa wenye nyeupe hucheza a4 au h3 ili wasiingie humo kabisa. Kwangu mimi huo ni ushahidi mkubwa kwamba gambiti ina mashiko: watu wanaojua kula wanaikwepa.

Niliyoichagua dhidi ya d4 ni ya Benko. Farasi f6, c5, kisha b5. (Pal Benko ndiye yule aliyemwachia Bobby Fischer nafasi yake katika mashindano ya kufuzu ya mwaka 1970, na Fischer akawa bingwa wa dunia mwaka 1972. Mtu wa kutoa.) Kompyuta bado inampa Mweupe afadhali kidogo, sitaficha. Lakini unachopata hakiyeyuki akikijua: mistari ya a na b iko wazi kwa ngome zako, na askofu wa g7 anaangalia hadi b2. Cha ajabu zaidi, malkia wakitoka ubaoni shinikizo linabaki.

Baada ya miezi kadhaa nilipangwa tena na yule mama. Akala b5, akala a6. Askofu wangu akala a6, tukabadilishana maaskofu pale f1, mfalme wake akapoteza haki ya kujificha na ngome, akatembea kwa miguu hadi g2. Nikaweka malkia a6 nikiomba wabadilishwe. Akakubali, akaonekana kupumua. Farasi wangu akaanza safari ndefu: e8, c7, b5, amtoe farasi wa c3. Alipotoka, askari wa b akala kuelekea c3, na a2 akabaki bila mlinzi. Ngome yangu ikamchukua. Tulikuwa sawa kwa askari, na ngome yangu ilikuwa nyuma ya mistari yake. Alijitetea kwa ustadi mkubwa, nami nilikosea mara moja mwishoni. Tukatoka sare.

Ukumbi ulikuwa unafagiliwa, lakini hakuinuka. Alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akanisukumia, akaanza kurudisha vipande mahali pake.

“Panga tena,” akasema. “Hatua ya nne. Mara hii sili.”

Akaacha askari wangu b5 pale alipo, akaleta farasi f3, akaningoja.