Nilivyopunguza floridi kwenye maji ya watoto nyumbani, Arumeru

Maji ya bomba letu, upande wa kusini-mashariki wa Mlima Meru, yalipopimwa maabara yalikuwa na floridi, madini yanayoharibu meno yakizidi, miligramu 6.2 kwa lita. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na chanzo kingine. Anayeishi kati ya Usa River na Kikatiti hahitaji kuelezwa maana ya namba hizo, ameshaziona kwenye meno ya watu yenye madoa ya kahawia. Maji hapa hupita kwenye majivu na mawe ya volkano na kuzoa floridi, na kwa kuwa yana magadi mengi na chokaa kidogo, hakuna cha kuinasa floridi ile njiani. Inafika kwenye glasi ikiwa vilevile.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kuacha kufikiria maji yote ya nyumba. Kuoga, kufua, kuosha vyombo na kumwagilia hakumwingizii mtoto floridi ya kuhesabika. Kinachomwingia ni maji ya kunywa, uji, chai, ugali, wali na maharage. Kwa watu watano nilipima kwa dumu wiki nzima, ikatoka lita 18 hadi 20 kwa siku. Lita 20 ni kazi ndogo. Lita 200 zingenishinda.

Jambo la pili ni umri. Floridi nyingi hailichafui jino lililokwisha kuota. Inaliharibu likiwa bado ndani ya fizi, ganda lake gumu likiwa linatengenezwa. Meno ya mbele ya juu ya ukubwani, yale yanayoonekana mtoto akicheka, yako hatarini zaidi kati ya takriban miezi 15 na 30, na ukiacha magego ya mwisho, maganda ya meno yote huwa yamekamilika karibu na miaka 8. Kwa hiyo ukianza mtoto ana miaka 7 na meno ya mbele yameshatoka na madoa, chujio halitayasafisha. Mwenye mtoto mchanga ndiye anayepaswa kuharakisha. Ana bahati moja: maziwa ya mama yana floridi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji haya haya. Miezi 6 ya kunyonya bila kitu kingine ni kinga tosha. Hatari inaanza siku ya kwanza ya uji, na kwa mtoto wa maziwa ya kopo inaanza mapema zaidi, maana kila chupa ni maji ya bomba.

Kuchemsha hakupunguzi. Kunaongeza, kwa sababu maji yanaondoka na mvuke na floridi inabaki. Sufuria ya lita 3 ikichemka hadi zikabaki 2.5, ile 6.2 inakuwa 7.4. Dawa ya klorini haigusi floridi, na vichujio vya udongo na vya mchanga pia haviigusi. Njia ya shabu na chokaa inafanya kazi kiasi, lakini kwa maji yenye floridi kama yetu inadai shabu nyingi, inaacha ladha na tope la kutupa kila siku, na mara nyingi haifiki chini ya 1.5. Niliiacha.

Nilichotumia ni mkaa wa mifupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimefanya kazi nayo kwa miaka mingi, na Kenya, Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru iliitengeneza kwa ajili ya watu wa Bonde la Ufa wenye shida hii hii. Mfupa umejengwa kwa madini yaleyale yanayojenga jino, na madini hayo hupenda kubadilishana na floridi. Ukiuchoma mfupa vizuri, nyama na mafuta yanaondoka, madini yanabaki na vitundu vingi, maji yanapita, floridi inakaa. Inavyoshika mfupa wa ng'ombe ndani ya ndoo ndivyo ingeshika jino la mtoto.

Usiuchome mwenyewe uani. Joto linatakiwa liwe kama nyuzi 400 hadi 500, hewa ikiwa kidogo, na liwe sawa kwa mfupa wote. Ukiungua kidogo unabaki mweusi tii wenye harufu, na maji yatatoka na rangi na ladha ya supu iliyoharibika. Ukiungua kupita kiasi, juu ya nyuzi 600, unakuwa mweupe kama chaki na uwezo wake umekufa ingawa kwa macho unapendeza. Unaofaa ni wa kijivu kuelekea weusi, haunuki, na ukiuvunja ndani na nje ni rangi moja. Huo ndio ukaguzi wa kufanya kwa muuzaji. Chukua punje kumi, zivunje, zinuse. Omba punje za ukubwa wa nusu milimita hadi milimita 2 au 3: vumbi huziba chujio, na mapande makubwa yanapitisha maji bila kuyashika. Kwa wanaojali mfupa umetoka kwa mnyama gani, na huku wako wengi, uliza kabla ya kununua. Mimi nilitaka mifupa ya ng'ombe wa machinjioni tu.

Vifaa vilikuwa hivi: ndoo mbili za plastiki za lita 20 zenye mifuniko, koki mbili za plastiki za nusu inchi zenye nati na mipira yake, futi moja ya bomba la PVC la nusu inchi, kifuniko cha kuzibia ncha ya bomba, utepe mweupe wa mafundi bomba, kipande cha wavu wa plastiki wa madirishani, na kilo 10 za mkaa. Wavu usiwe wa chandarua. Vyandarua vingi vimetiwa dawa ya kuua mbu, na hiyo huitaki kwenye maji ya kunywa.

Ndoo ya juu nilitoboa tundu sentimita 3 kutoka chini, nikafunga koki. Upande wa ndani wa koki nikaunga bomba lenye urefu wa sentimita 20, nimelikata kwa msumeno wa chuma mikato myembamba kila baada ya sentimita moja, limezibwa mwisho na kuviringishwa wavu mara mbili. Linalala chini ya ndoo na kukusanya maji kutoka eneo lote la chini. Bila bomba hilo maji yanachimba njia moja kuelekea kwenye koki, na mkaa wa pembeni haufanyi kazi. Wengine huweka kokoto chini. Sikuweka, kwa sababu kokoto za huku zenyewe ni mawe ya volkano, na maji yaliyokwisha kuchujwa hayana haja ya kukutana nayo tena.

Mkaa unaoshwa kabla ya kuingia ndooni: loweka kwenye beseni, koroga kwa mkono, mwaga maji meusi, rudia mpaka yawe meupe. Kwangu ilikuwa mara nane. Kisha jaza ndoo maji hadi robo, ndipo umimine mkaa taratibu ndani ya maji. Ukimimina mkaa mkavu halafu ukamwagia maji, hewa inanaswa katikati na maji yatapita pembeni yake. Kilo 10 zilichukua takriban lita 13 za ndoo, zikabaki lita 6 hivi juu. Juu ya mkaa niliweka sahani ya plastiki yenye matundu ili maji yakimiminwa yasichimbe shimo. Ndoo tatu za kwanza nilimwagia migomba.

Sasa mwendo wa maji, na hapa ndipo vichujio vingi vinapokufa. Maji yanahitaji kama nusu saa kwenye mkaa. Nafasi iliyopo kati ya punje za lita 13 ni karibu lita 6, kwa hiyo koki isitoe zaidi ya lita 12 kwa saa. Njia rahisi ya kupima ni chupa ya nusu lita, isijae kabla ya dakika mbili na nusu. Mtu mwenye kiu hasubiri hivyo, atafungua koki yote, na atapata maji yenye floridi karibu ileile ya bomba, safi kwa macho. Ndiyo sababu ya ndoo ya pili. Koki ya juu niliiweka kwenye mwendo huo, nikaing'oa mpini, maji yanadondokea kwenye ndoo ya chini. Kila mtu anachota kwenye koki ya chini. Ndoo ya juu inajazwa mara tatu au nne kwa siku.

Mkaa usikauke. Nilifunga mpira mwembamba kwenye koki ya juu, ukapanda hadi usawa wa juu ya mkaa ndipo ukashuka kwenye ndoo ya chini. Pale juu ya kilele cha mpira nimetoboa tundu dogo la kuingiza hewa, la sivyo mpira unaendelea kuvuta maji mpaka ndoo inakauka. Kwa hivyo hata wote wakisahau kujaza, maji yanasimama juu ya mkaa.

Chujio hili haliui vijidudu, na maji yanayokaa ndani yanaweza hata kuviongeza. Maji ya kunywa yanachemshwa baada ya kuchujwa, si kabla. Kutoka 0.5, kuchemsha kutakupeleka labda 0.6, hakuna neno.

Muda wa kubadilisha unahesabika. Nilichukulia kila gramu ya mkaa inashika miligramu 2 za floridi. Maji yenye magadi mengi hupunguza uwezo huo, basi usihesabu kwa ukarimu. Kilo 10 zinashika miligramu 20,000. Kila lita naitoa 6.2 hadi karibu 0.7, yaani naondoa 5.5. Gawanya, unapata kama lita 3,600, siku 180 kwa lita 20 kwa siku. Nabadilisha siku ya 150. Mkaa uliojaa hauonyeshi dalili yoyote: maji yanabaki meupe, matamu, yanatiririka vizuri. Kwa hiyo napima. Nachukua chupa ya plastiki ya nusu lita, naisuuza mara tatu kwa maji yenyewe, naandika tarehe na kama ni maji ya kabla au ya baada, naipeleka maabara ya maji. Vipimo vyangu vilikuwa 0.3 wiki ya kwanza, 0.6 mwezi wa pili, 1.1 mwezi wa tano. Ukipata zaidi ya 1.5 mapema, tazama mwendo wa koki kabla hujalaumu mkaa.

Sitafuti sifuri. Floridi kidogo inalinda meno yasioze, na ndiyo sababu Marekani, tangu mji wa Grand Rapids ulipoanza mwaka 1945, sehemu nyingi wanaiongeza kwenye maji yasiyo nayo. Kiwango wanachopendekeza tangu 2015 ni 0.7. Sisi tunatoa, wao wanatia, na wote tunaelekea namba ileile.

Kwa hiyo msimu wa mvua natumia njia nyingine ya kupumzisha mkaa. Maji ya mvua hayana floridi ya kutisha, na ndani ya dumu la lita 20, lita 18 za mvua na 2 za bomba hutoa 0.6. Bati la mita za mraba 40 hukusanya kama lita 32 kwa kila milimita moja ya mvua, ukishatoa inayopotea, basi milimita 94 zinajaza simtanki la lita 3,000. Masika huku inazidi hapo. Tangi hilo peke yake, kwa lita 20 kwa siku, ni miezi mitano. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe bati na gata, ndipo uelekeze bomba kwenye tangi. Mwenye uwezo wa tangi na bati safi, mimi namshauri aanze na hilo kabla ya mkaa.

Kuna mlango mwingine ambao maji safi hayaufungi, nao ni magadi ya kulainishia maharage na makande. Magadi ya huku yana floridi, na kiasi hubadilika sana kutoka gunia hadi gunia, hivyo hakuna kipimo salama cha kijiko. Nyumbani tuliyaacha: maharage yanalowekwa usiku kucha, maji ya kulowekea yanamwagwa, yanapikwa kwa maji ya chujio. Bibi anayepika kwa mazoea ya miaka aelezwe sababu kwa heshima, la sivyo yatarudi jikoni kimyakimya. Chai ya rangi iliyochemka sana nayo inaongeza miligramu moja au zaidi kwa lita, kwa hiyo mtoto chini ya miaka 8 anapewa maziwa au uji.

Dawa ya meno yenye floridi hatukuiacha, kwa sababu kazi yake ni kugusa jino kwa nje. Tatizo ni kuimeza. Chini ya miaka 3 napaka kiasi cha punje ya mchele, kuanzia 3 hadi 6 punje ya njegere, mtu mzima ndiye anayekamua, na mtoto anatema. Pipi na soda zinaozesha meno hapa kama kwingine, hata meno yenye madoa.

Kaka mkubwa ambaye meno yake yalikwisha kutoka na kahawia asisuguliwe kwa mchanga, mkaa wa kuni wala tindikali. Ganda lake tayari ni dhaifu. Daktari wa meno anaweza kulisugua juu juu kwa dawa maalumu au kulifunika kwa ujazo wa rangi ya jino, kadiri doa lilivyoingia. Mdogo wake ana miezi 14. Kwenye mfuniko wa ndoo nimeandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe ya mkaa kuingia, tarehe ya kutoka, na siku tatu za kupeleka chupa maabara.