Nilivyowafundisha kina mama wa kikoba algoriti kwa maharage

Kila niliyemuuliza aliniambia nianze na maana ya algoriti, yaani kanuni ambazo mtandao hufuata kukuchagulia vya kuona, tena kwa mchoro. Ushauri mbovu. Nilimaliza dakika 40 na projekta ya kuazima, mwishoni mama mmoja akaniuliza, "Sasa mwalimu, huyo anayetuchagulia vya kuona anakaa wapi?" Hilo ndilo lililokuwa somo, na mimi sikuwa nimeligusa.

Wiki iliyofuata nilibeba kilo moja ya maharage na kadi 12 nilizokata kwenye boksi. Kila kadi ilikuwa na habari moja: bei ya mahindi, harusi ya jirani, chanjo ya mdondo wa kuku, dawa ya "kuponya kisukari siku 3", mwanasiasa aliyetukana wakulima (usimtaje wa kweli, mtabishana siasa hadi jioni). Duru ya kwanza, weka punje 1 kwenye kila unachokipenda. Harusi ikaongoza, chanjo ikawa ya pili. Tukazoa punje zote, nikabadili kanuni moja tu: kilichokukasirisha, weka punje 5. Tusi likapanda juu kabisa, dawa ya uongo ikalifuata kwa sababu waliojua ni uongo waliikasirikia. Chanjo ikaanguka hadi nafasi ya 9. Hapo nikawaambia kwamba Facebook mwaka 2017 iliipa alama ya hasira, pamoja na alama nyingine za hisia, uzito mara 5 ya dole gumba. Mwaka 2020 ndipo hasira ikashushwa hadi sifuri. "Kumbe ni watu wanaopanga!" akasema yule mama.

Zoezi la simu, la kuwaonyesha kwamba unachotazama ndicho kinachoamua utakacholetewa, lilinishinda mara ya kwanza. Nilichukua simu mbili, moja itazame video za presha, nyingine za kuku, lakini zote zilikuwa kwenye akaunti yangu, kwa hiyo kuku wakatokea kote. YouTube huifuata akaunti, siyo simu. Fungua akaunti mbili mpya, kisha tazama video 5 au 6 hadi mwisho, maana tangu 2012 wanahesabu zaidi muda wa kutazama kuliko kubofya. Bando la elfu mbili tatu hivi linatosha. Ukimaliza, ingia kwenye mipangilio, futa historia ya kutazama na uizime: ukurasa wa mwanzo unabaki mtupu. Waonyeshe huo utupu, wauguse kwa mikono yao.

Duru ya tatu niliwaachia watunge kanuni wenyewe. Walibishana karibu nusu saa, kisha yule mama akaitamka: punje 1, na uiweke tu pale ambapo ungemwambia mwanao akafanye hivyo kesho. Chanjo ya mdondo ikapanda juu. Dawa ya siku 3 haikupata hata punje.