Alhamisi ya Ukungu Songwe

Ndege tuliisikia, hatukuiona. Ilinguruma juu yetu ndani ya ukungu, ikaenda upande wa Mbalizi, ikarudi, ikapita tena. Madereva wote 14 wa teksi tulikuwa tumesimama kwenye maegesho ya uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, tumeinua vichwa, hakuna anayeongea. Ilikuwa Alhamisi ya kabla ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 2020. Mara ya tatu mngurumo ukapanda, ukafifia kuelekea mashariki. Mzee wetu wa foleni akavua kofia yake ya sufu, akaikunja mfukoni.

"Imerudi Dar," akasema.

Ukungu wa Songwe si mgeni. Mvua za Machi na Aprili zikikolea, asubuhi unaweza kusimama kwenye mlango wa jengo la abiria usiione hata bendera. Miaka ya nyuma ndege ikishindwa kutua tulikuwa tunaagiza chai, tunasubiri. Kulikuwa na ya mchana, na pengine ya jioni. Abiria analalamika kidogo, anasogezwa ndege inayofuata, anafika. Safari hii inayofuata ilikuwa ya Jumamosi.

Nilianza kupaki pale uwanja ulipofunguliwa, Desemba 2012, ule wa zamani wa mjini ulipopumzishwa. Tulihama kwa shangwe. Njia ya kurukia ina zaidi ya kilomita 3, ndege kubwa zinatua, na mwaka uliofuata Fastjet wakaanza kuja. Tukaona watu ambao hawajawahi kupanda ndege maisha yao yote wakishuka na vikapu. Wakati huo nilikuwa napata tripu tatu kwa siku, na kutoka uwanjani hadi mjini ni zaidi ya kilomita 20, kwa hiyo kila tripu ilikuwa pesa ya maana. Mwishoni mwa 2018 Fastjet wakaacha safari zao za Tanzania. Tukayumba, tukasimama. Halafu ikaja korona.

Tarehe 17 Machi serikali ilitangaza kufunga shule, na vyuo vikafuata. Wanafunzi wakaondoka wote kwa mara moja, na baada ya hapo hakuna aliyerudi. Semina za mahotelini zikafutwa. Wafanyabiashara wa Tunduma na Zambia, ambao ndio waliokuwa abiria wetu wa kutegemewa, wakawa wanapiga simu badala ya kusafiri. Mwezi Mei Zambia ikaja kufunga kwa muda mpaka wa Nakonde, lakini kufikia hapo tulikuwa tumeshachoka tayari. Ndege zikapunguzwa. Ya panga boi yenye viti 70 na ushee ilikuwa inashusha watu 9, watu 12. Siku nyingine haiji kabisa.

Kijana mmoja wa zimamoto, ambaye alikuwa anakunywa chai kijiweni kwetu, ndiye aliyenifungua macho kuhusu uwanja wenyewe. Nilimwambia, angalau ninyi mmepumzika. Akatikisa kichwa. Ndege moja au kumi, gari la zimamoto lazima liwe tayari na watu wake kamili. Mnarani lazima awepo mtu. Wa hali ya hewa lazima apime upepo na mawingu. Mashine ya kukagua mizigo inakula umeme uleule, na nyasi za kando ya njia zinaota vilevile. Ila mapato ya uwanja yanatoka kwenye ada ya kila abiria, ada ya kila ndege inayotua, kodi ya vibanda na maegesho. Abiria wakipungua, mapato yanaporomoka, gharama zinabaki palepale. "Uwanja hauwezi kufungwa nusu, kaka," akaniambia.

Maneno hayo yalinikaa, kwa sababu na sisi ndivyo tulivyokuwa. Tajiri wa gari anataka hesabu yake hata kama gari halikutoka. Vyuma vilikuwa vimekaza kila upande.

Ndiyo maana mwishoni mwa Machi mzee wa foleni alitukalisha. Wengine walitaka tupunguze magari, saba waje leo, saba kesho. Mzee akakataa. Akasema atakayekaa nyumbani wiki mbili hatarudi, na ndege zikirudi tutakuwa tumebaki na watu wasioujua uwanja. Badala yake tukakubaliana foleni moja kwenye daftari, hakuna kugombania abiria mlangoni, na kila anayepata tripu anaweka shilingi 5,000 kwenye kopo la maziwa. Baadaye kopo linagawiwa kwa waliokosa siku nyingi zaidi. Mimi nikapewa kushika kopo na daftari. Nilijivunia kazi hiyo, sitaficha.

Alhamisi ile kopo lilikuwa na 40,000. Na kwa mujibu wa daftari nililolishika kwa mkono wangu mwenyewe, aliyekosa siku nyingi zaidi nilikuwa mimi. Siku nne sikuwa nimeingiza hata mia. Nyumbani nilikuwa nimeshasema, leo narudi na unga.

Abiria waliokuwa wanasubiri kuondoka wakaanza kutoka ndani, wanapanda magari ya ndugu zao. Akabaki mama mmoja karibu na ndoo ya kunawia mikono, kitenge kiunoni, boksi la mchele wa Kyela limefungwa kamba ya katani. Mzee akamsogelea.

"Mwagonile, mama. Nani anakufuata?"

Hakuna. Alikuwa anakwenda Tanga. Mama yake mzazi alikuwa amefariki Jumatano, wanazika Jumamosi. Tiketi alichangiwa na majirani. Wamemwambia atapanda Jumamosi. Mkononi alikuwa na 12,000.

Alisimulia taratibu, anakunjua na kukunja karatasi ya tiketi mpaka ikaanza kuchanika kwenye mikunjo.

Mzee hakuniambia kitu. Alinitazama tu, akalitazama kopo. Na mimi nikatazama chini. Nakumbuka nilivyohesabu kichwani: unga, sabuni, dawa ya kifua ya mtoto. Nakumbuka pia nilivyomkasirikia mzee kwa kunyamaza, kwa sababu angesema ningebishana naye.

Madereva walikuwa wameshaanza kupanga njia. Mabasi ya Dar yalishaondoka alfajiri. Mmoja akasema kuna basi la kutoka Tunduma linaishia Iringa, litapita Uyole muda si mrefu. Mwingine ana dada Iringa, Kihesa, akampigia papo hapo, dada akakubali kumlaza. Ijumaa alfajiri apande la Dar, ashuke Chalinze, hapo akamate la Tanga. Ijumaa usiku yuko nyumbani kwao, kabla ya maziko.

Nikalifungua kopo. Nikampa yote 40,000, nikaandika kwenye daftari tarehe na neno "msiba". Halafu nikabeba boksi lake la mchele.

Nilimkimbiza hadi Uyole kwa mafuta yaliyokuwa yamebaki, AC na redio vimezimwa. Tulipita Mbalizi, tukapita mjini ambako maduka mengi yalikuwa wazi na hayana wateja. Njiani hakusema chochote hadi Uyole yenyewe, aliponiuliza nina watoto wangapi. Nikasema watatu. Basi likaja, kondakta akalipachika boksi, mama akapanda. Aliinua mkono dirishani mara moja.

Jioni ile nyumbani tulikula viazi vya jirani. Mke wangu alisikiliza habari yote, akaniuliza kama nililifunga vizuri boksi la mchele.

Ijumaa Kuu hakukuwa na ndege. Nilikwenda hata hivyo, nikisema nakwenda kuwasha gari betri isife. Nilikuta wenzangu 11 wamefika na visingizio vyao. Ukungu ulikuwa umeondoka, Mlima Mbeya umejichora wote. Ng'ambo ya uzio gari la zimamoto likatoka bandani, likasimama kando ya njia tupu, likapiga maji juu kama linavyofanya kila asubuhi. Maji yakaanguka kwenye nyasi. Yule kijana akafunga bomba, akalifuta gari kwa kitambaa, akalirudisha ndani.

Mzee akaniomba daftari. Akafungua ukurasa mpya, akaandika "Jumamosi" juu yake, na chini, namba moja, jina langu.