Nafikiria kutoka kwa bajeti nihamie upande wa sistimu

Kuna nafasi imetangazwa ofisini, meneja wa sistimu za fedha, na kila jioni nikiwa kwa matatu najipata nimeifungua tena kwa simu. Mimi ni mtu wa bajeti na makadirio, hiyo ndiyo kazi najua tangu nimalize CPA, ile mitihani ya uhasibu, na bado naipenda. Lakini kusema kweli siku hizi kinachonipa raha ni kufuatilia namba imetoka wapi, kuliko kuieleza mbele ya wakubwa.

Chukua dizeli. Lori la Nakuru linajaza mafuta, invoisi inaletwa, mwenye kuingiza anatafuta namba ya tawi la Nakuru kwa sistimu haioni kwa sababu hakuna mtu aliifungua, basi anaitupa kwa namba ya makao makuu aendelee na kazi. Mwisho wa mwezi naulizwa mbona makao makuu yamezidi bajeti ya mafuta na Nakuru ni kama magari yalilala mwezi mzima. Naandika maelezo, leja inarekebishwa, mwezi ujao yale yale. Hakuna bajeti nitaandika imalize hiyo shida. Itamalizwa na mtu mwenye ruhusa ya kufungua hiyo namba na kuweka sheria kwamba invoisi ya mafuta haipiti bila namba ya gari.

Ile kitu ilinisukuma kabisa ni mishahara. Oktoba 2024 NHIF, ile bima ya afya ya zamani, ikaenda, SHIF ikaingia mahali pake na 2.75% ya mshahara wote kabla ya makato, na kwa Excel yangu hiyo ilikuwa kubadilisha mstari mmoja tu. Halafu kuanzia 27 Desemba sheria ikageuka tena, SHIF na ile tozo ya nyumba ya 1.5% zikawa zinatolewa kwanza ndio PAYE, yaani kodi ya mshahara, ihesabiwe, na ile nafuu ya kodi mtu alipata kwa kulipa tozo ya nyumba ikafutwa, kwa hivyo hata mpangilio wa hesabu ndani ya sistimu ulibidi ubadilishwe, tena haraka, kwa sababu PAYE ya mwezi inatakiwa KRA, mamlaka ya kodi, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Watu walikuwa ushago na Krismasi na kuna dada wa sistimu alikuwa anapima slipu moja moja, ya mlinzi, ya dereva, ya mkurugenzi. Nilimheshimu sana. Hiyo kazi naitaka.

Bosi wangu anasema nitajuta kuacha meza ya maamuzi. Namwelewa, na pia naogopa kugeuka mtu wa kupigiwa simu ya pasiwadi saa mbili usiku wakati tunafunga mwezi. Mshahara nao sidhani utapanda mara moja. Ila hiyo meza inaamua kwa namba ambazo mtu mwingine alishazipanga, na hilo ndilo linanivuta.

Kwa sasa najifunza SQL, lugha ya kutoa data kwa sistimu, usiku watoto wakilala, na nimeomba niingie kwa kikundi kinachopanga upya orodha ya akaunti, zile namba za kuingizia matumizi kwa sistimu. Kwa intavyu swali langu ni moja: nani ana uwezo wa kukataa akaunti mpya ikiombwa na idara? Wakisema ni huyo meneja, akiwa chini ya mkuu wa fedha, naenda. Wakisema ni watu wa kompyuta na meneja anatekeleza tu, nitabaki kwa bajeti kwanza niendelee kusoma. Maombi yanafungwa Ijumaa na barua nimeshaiandika.